Salamu Alizotunyima Mama Maringo

Siku ya mazishi yake nilikaa nyuma, karibu na ukuta. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili waliofanya naye kazi chuoni, na kwa kuwa mwili ulikuwa bado haujafika, walizungumza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa msomi, hilo hatumnyimi," alisema mmoja. "Lakini salamu hakuwa nayo."

"Mimi naye tukipishana ngazini miaka yote hiyo. Ananipita kama anapita kiti."

"Ndiyo maana wakamwita Mama Maringo."

"Haya, ameshakwenda. Tumwache apumzike."

Nilitaka kumgusa mmoja wao bega. Sikumgusa. Ninalolijua si la kusema msibani katikati ya watu, na sehemu yake si yangu peke yangu. Lakini nimeona nikiliacha bila kuliandika, litanitoka kidogo kidogo, na yeye atabaki na jina lile tu.

Nilianza kazi katika mgahawa wa wafanyakazi wa chuo kikuu muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne. Kazi alinitafutia shemeji, mume wa dada yangu, ambaye nilikuwa naishi kwake. Msimamizi wa mgahawa alikuwa rafiki yake wa ujanani. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Funguo, kwa sababu alikuwa akining'iniza kiunoni funguo zote za mgahawa, za stoo, za makabati, za friji, na mlio wake ulimtangulia popote. Ukizisikia, aliyeketi anasimama na anayetafuna anameza.

Kwangu mimi hazikulia. Alipokuwa anakuja nilipo, alizikamata ngumini. Ninaosha vikombe, nageuka, yupo nyuma yangu. Mwanzoni nilidhani ni maji ya bomba yanayonizuia kusikia. Nikaanza kufunga bomba kila mara, nasikiliza, nafungua tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba anazifumbata makusudi. Wenzangu waliogopa mlio. Mimi niliogopa kimya.

Siku moja akaniita stoo nikamsaidie kupanga magunia ya unga. Sitaandika yaliyotokea huko. Aliyepitia anajua, na asiyepitia hahitaji kuonyeshwa. Nitasema tu kwamba alifunga mlango kwa ndani, kwamba nilisema hapana naye akacheka, na kwamba aliponiachia aliniambia nijifute unga begani kabla sijatoka.

"Na usimsumbue shemeji yako na mambo madogo," alisema akitafuta ufunguo. "Mimi na yeye tumetoka mbali."

Katika choo cha wanawake, upande wa ndani wa mlango, palikuwa na tangazo dogo lililobandikwa. Lilisema kwamba mtu yeyote, mwanafunzi au mfanyakazi, aliyetendewa jambo la mwili asilolitaka, anaweza kwenda kwa mshauri katika jengo la zahanati ya chuo, na hakuna atakayeambiwa bila ridhaa yake. Nililisoma kila siku kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kununua. Kisha siku moja nikaenda.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, jirani na daktari wa meno. Benchi la kusubiria lilikuwa moja kwa wote. Ulikaa na watu walioshika mashavu, nawe ukashika lako. Nje ya mlango wa mshauri palikuwa na redio ndogo iliyowashwa muda wote, ili sauti za ndani zisivuke. Ukiingia kwa mlango mmoja, ulitokea kwa mwingine, kwenye kijia cha nyuma chenye kamba za kuanikia mashuka ya wagonjwa.

Mshauri alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alinipa kiti kilichotazama dirishani, si kilichomtazama yeye.

"Utakachosema hapa kitabaki hapa mpaka useme kitoke," aliniambia. "Ukitaka kushtaki, nitakusindikiza hatua zote. Usipotaka, kaa tu. Chumba hiki kina nafasi."

"Akijua kwamba nimekuja?"

"Hatajua kwangu. Na tukikutana nje, mimi sikujui. Sitakusalimia wala kukutazama. Si dharau. Ukinisalimia wewe, nitaitika kama ninavyomwitika yeyote. Ukinyamaza, tumepishana."

"Mimi nimelelewa kusalimia, mama."

"Hata mimi, mwanangu. Hakuna kinachonishinda katika kazi hii kama hicho."

Nikakaa. Siku ile sikusema neno juu ya stoo. Nilichoogopa kilikuwa kimoja: Bwana Funguo ajue kwamba nimesema, kabla mimi mwenyewe sijawa tayari kusema. Akijua, atanitoa kazini kwa kisingizio chochote, ataniwahi kwa shemeji na hadithi yake, nami nitakuwa nje na begi langu bila hata mtu wa kunisikiliza.

Nikawa naenda kila Jumanne. Kazini nilisema jino linaniuma. Mpishi wetu mkuu, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi tuliyemwita Bi Mwiko, alinipa karafuu niweke shavuni. Wiki zikapita, jino haliponi.

"Jino gani hili la Jumanne tu?" alisema siku moja mbele ya jikoni nzima. "Lina ratiba kuliko wahadhiri."

Wakacheka wote, nami nikajilazimisha. Nilipoinua macho nilimwona Bwana Funguo mlangoni mwa ofisi yake. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama shavu.

Wiki ile ile palikuwa na chai ya wakuu wa idara katika ukumbi mkubwa. Kwa kawaida wanaopeleka chai ya wakubwa ni watu wazoefu, lakini Bwana Funguo akanichagua mimi. Akaniweka karibu na mlango na birika, mahali ambapo kila aingiaye lazima apite. Yeye akasimama kando kidogo, mikono nyuma.

Inabidi nieleze kwamba siku zile mshauri alikuwa anajulikana chuo kizima kwa salamu. Alikuwa mtu wa kukusalimia wewe, watoto wako, mama yako aliye mbali, mpaka na mguu wako ulioteguka mwaka jana. Watu walimtania kwamba akitoka ofisini kwenda getini, anafika jioni.

Aliingia na daftari kifuani. Bi Mwiko, aliyekuwa anapanga maandazi, akamwahi kwa sauti kubwa kama kawaida yake, "Karibu mama, za nyumbani?" Naye akaitika, "Njema, mama, wa kwako hawajambo?" Akamsalimia mlinzi. Akamsalimia mtunza bustani aliyeleta maua. Akamsalimia Bwana Funguo mwenyewe, "Habari za kazi, bwana?" Kisha akanifikia mimi. Akapokea kikombe mkononi mwangu, macho yake yakiwa kwenye kikombe, akapita.

Kwa kitambo kifupi nilishukuru. Ametimiza ahadi, nikasema moyoni. Halafu nikaona Bwana Funguo amegeuza kichwa, anamfuata mshauri kwa macho, anarudi kwangu, anamfuata tena.

Nami nikamfuata. Karibu na meza ya mbele walisimama watu wawili wa maktaba, mzee mmoja na msichana aliyekuja kugawa karatasi za kikao. Mshauri alimshika mzee mkono, akamuulizia hali ya macho yake. Msichana aliyekuwa pembeni, bega kwa bega na yule mzee, akampita bila salamu. Msichana akainamisha uso kwenye karatasi zake. Nilikuwa nimejua siri ya mtu nisiyemjua, na nimeijua kwa kutazama tu.

Baadaye nilikuwa naosha vikombe. Nikafunga bomba. Kimya. Nikageuka, yupo.

"Wewe na mama wa ushauri mna ugomvi gani?"

"Hatuna ugomvi, bosi. Simjui."

"Humjui." Akachukua kikombe kimoja nilichokwisha kukiosha, akakitazama kwa mwanga. "Kamsalimia mtunza bustani mwenye matope miguuni. Kanisalimia mimi. Wewe kakupita kama ukuta. Yule hampiti mtu hivi hivi."

"Labda hakuniona."

"Alichukua chai mkononi mwako." Akakirudisha kikombe polepole. "Jino vipi?"

"Linaendelea, bosi."

"Likikusumbua sana liling'oe. Jino bovu halikai mdomoni."

Jumapili akaja nyumbani.

Nilisikia sauti ya shemeji sebuleni, "Leo umetukumbuka, ndugu yangu," na ile ya pili nikaitambua kabla sijamwona. Dada akaniita nipeleke chai. Nilipoingia, funguo zilikuwa juu ya meza, kando ya bakuli la sukari, zimelala kama mnyama.

"Nimekuja kumwona mgonjwa wetu wa jino," alisema, na tabasamu lote.

"Jino lipi?" aliuliza dada. "Mbona hajatuambia?"

"Ahaa. Hakuwaambia? Vijana wa siku hizi wanaficha maumivu nyumbani, wanaenda kuyamwaga kwa watu baki."

Shemeji akacheka. "Akikusumbua kazini, niambie."

"Hatanisumbua. Ni msichana mwelewa. Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia, na nikiwa najitahidi kuvituliza nikaona dada hatazami vikombe. Anaitazama mikono yangu.

Mgeni alipoondoka, dada alinifuata jikoni. Akanishika kidevu.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akanigeuza kwenye dirisha, akatazama jino moja moja, juu na chini, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na mama yuko kazini. Meno yangu yote yalikuwa mazima. Alinitazama machoni muda mrefu, na nilidhani atauliza. Niliogopa kwamba atauliza, nikaogopa zaidi kwamba hatauliza.

"Funga," alisema. "Kesho nenda ukalitibu jino lako. Shemeji yako niachie mimi."

Kesho yake haikuwa Jumanne, lakini nilikwenda. Sikukaa kwenye kiti cha dirishani.

"Amejua," nilisema.

Mshauri akafunga daftari. "Nani kamwambia?"

"Wewe, mama."

Nikamweleza yote, kuanzia kikombe mpaka Jumapili. Alipotaka kusema kitu nilimkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mtu mzima. "Na yule dada wa maktaba naye huja hapa."

"Hilo siwezi kukujibu."

"Sikuulizi, mama. Nakueleza tu. Kama mimi nimeona, na mwenye nia mbaya ataona. Unasalimia dunia nzima. Anayebaki ni sisi."

Alinyanyuka akaenda dirishani. Redio nje ilikuwa inatangaza bei za mazao. Alisimama pale mpaka taarifa ikaisha, na alipogeuka niliona amelikumbatia daftari kifuani kama ngao. Mpaka siku ile sikujua kwamba mtu kama yeye naye huogopa.

"Nilidhani nawaficha," alisema. "Kumbe nilikuwa nawapaka rangi."

"Basi unisalimie kuanzia leo."

"Nikianza leo, ataona nimeanza leo. Na wapo wengine niliowaahidi. Mwingine salamu yangu tu mbele ya watu inaweza kumkosesha pumzi." Akafikiri. "Njia ni moja tu. Nisimsalimie mtu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Atakayenisalimia nitamwitika kwa kichwa, awe mkuu wa chuo, awe mfagizi."

"Watakusema, mama."

"Wataniona nina maringo. Hayo ni maneno tu. Wewe je, akithibitisha, utatokewa na nini?"

Nilirudi mgahawani kwa kijia cha nyuma, nikipita katikati ya mashuka, na kila shuka lililopepea nilidhani ni yeye.

Mchana ule mgahawa ulikuwa umejaa. Aliingia, akachukua sinia, akashika foleni nyuma ya mzee wa maktaba aliyemuulizia macho yake juzi tu. Mzee aligeuka na tabasamu tayari. Akapata kichwa kilichoinamishwa kidogo, basi. Mkuu wa kitivo alimnyooshea mkono, naye akaonyesha kwamba mikono yake imeshika sinia. Alimpita mlinzi. Alimpita Bwana Funguo. Alinipita mimi. Akaketi peke yake mezani, akala akitazama ukuta. Nilikuwa karibu, nikaona chakula kinampita kwa shida.

Watu walianza kutazamana.

"Kameza nini huyu leo?" aliuliza mwosha vyombo.

"Labda kapandishwa cheo," mwingine akajibu.

"Cheo gani kinachoziba mdomo?" Bi Mwiko alipaza sauti akigonga mwiko kwenye sufuria. "Hayo ni maringo, wanangu. Mmemwona leo Mama Maringo."

Kicheko kikazunguka chumba kizima, na jina likazunguka nacho. Kabla ya kazi kuisha siku ile lilikuwa limefika getini. Nilimchukia Bi Mwiko kwa moyo wangu wote.

Bwana Funguo alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, kila mmoja amepitwa kama ukuta. Nikaona anahesabu na hesabu haiji. Ngumi yake ikalegea, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikiwa karibu naye, nikasikia funguo zikilia.

Hofu haikuisha siku ile. Aliendelea kunivizia, ila sasa alikuwa anabahatisha. Mimi nilihitaji muda tu, na niliupata. Asubuhi moja dada alivaa nguo zake za kutokea, akanishika mkono bila kuniuliza tunakwenda wapi, tukaenda. Kwenye benchi la meno tulimkuta yule msichana wa maktaba, ameshika shavu. Sikumsalimia. Naye hakunisalimia. Wote wawili tulimshtaki, tukaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo kwa siku tofauti, mshauri akaketi pembeni yangu muda wote. Nilisema yote mpaka mwisho. Bwana Funguo alipoteza kazi yake, na funguo akazikabidhi mezani moja moja. Shemeji alikaa muda mrefu bila kusema nami, dada naye akakaa bila kusema naye, mpaka akachoka. Hata sasa nikisikia kimya nyuma yangu, nageuka.

Mshauri hakurudi tena kwenye salamu zake. Kesi yangu iliisha, lakini benchi halikukaa tupu. Miaka ikaenda, wapya wakaja wakamkuta hivyo, wakadhani ndiyo tabia yake. Aliacha kualikwa kwenye harusi za wenzake. Siku aliyostaafu, walikata keki wakamaliza upesi.

Sasa narudi pale msibani. Nilikuwa nimegeuka kumtafuta mtu yeyote ninayemfahamu, nikamwona Bi Mwiko, amezeeka, ameketi peke yake karibu na ukuta wa upande wa pili. Tumefanya kazi jiko moja miaka mingi, na tangu nifike hatukuwa tumesalimiana. Mbele kidogo alikuwa yule wa maktaba, mtu mzima sasa, naye ameketi kivyake. Nikatazama vizuri. Katika msiba ule ambao watu walikuwa wanashikana mikono na kukumbatiana, walikuwako wanawake hapa na pale, wengine vijana kabisa, ambao hawakumsalimia mtu.

Bi Mwiko alisogea mpaka kiti cha pembeni yangu.

"Ulinichukia kwa lile jina," alisema bila kunitazama.

"Nilikuchukia, mama."

"Aliniomba mwenyewe. Asubuhi ya siku ile alinipigia simu. Akasema, wewe una mdomo, nitafutie jina baya litakalofika mbali upesi. Hakuniambia kwa nini. Nami sikumuuliza."

"Kwa nini akuombe wewe?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa wa zamani kwenye benchi lile kuliko wewe na jino lako." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Huko nje nilikuwa namwahi mimi kwa salamu, kwa kelele, ili mtu asije akadhani. Wewe hukujua kuwahi."

Mwili ulipofika tukasimama. Watu wakapanga mstari kupita mbele ya jeneza, wale wanawake wawili wakiwa mbele yangu. Walipita kimya. Zamu yangu ilipofika, ile hofu ya zamani ikanirudia, kwa sababu nilijua kwamba nikifungua mdomo watu watageuka, na atakayekumbuka mambo ya miaka ile ataelewa.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa sauti.

Wale wawili waligeuka. Nikawaacha wanitazame.

Nyuma yangu nikamsikia Bi Mwiko, kwa kelele zile zile za jikoni, "Za nyumbani, mama?" Kisha sauti nyingine ya kike, nisiyoijua, ya kijana, ikamsalimia. Yule wa maktaba alipita bila kusema kitu, macho chini. Hilo pia lilikuwa ndani ya makubaliano ya chumba kile.